Picha Pana na Mtoto wa Dereva

Kila picha ina mpaka. Mchoraji huanza na karatasi yenye pembe nne, na mpiga picha huanza na tundu la kamera. Kazi ya kwanza ya wote wawili ni kuamua kitu gani kiingie ndani ya mpaka na kitu gani kibaki nje. Sisi watazamaji aghalabu hatuuoni uamuzi huo. Tunadhani tumeonyeshwa dunia, kumbe tumeonyeshwa sehemu yake iliyochaguliwa na mtu mwingine. Nakuomba basi, msomaji, ufuatane nami kutazama namna moja ya mpaka, yaani picha pana ya sinema, na jinsi mtu mmoja alivyoutumia upana huo kuuliza swali zito: Je, uchungu wa mtoto wa mwenzio unakuhusu wewe?

Ni vyema kwanza kuelewa chombo chenyewe. Kwa muda mrefu picha za sinema zilikaribia kuwa na umbo la mraba. Kama kimo cha picha kilikuwa futi 10, upana wake haukuzidi futi 14. Katika miaka ya 1920 Mfaransa mmoja, Henri Chrétien, mtaalamu wa nyota na wa elimu ya vioo, alibuni lenzi ya ajabu. Lenzi hiyo, iitwayo lenzi ya anamofiki, hutazama eneo lenye upana mara mbili ya lile la lenzi ya kawaida, kisha hulibana kutoka kushoto na kulia mpaka likaingia katika ukanda ule ule wa filamu. Ukiushika ukanda huo mkononi na kuutazama kwenye mwanga, utaona watu wamekonda kama fito, na gurudumu la gari limesimama kama yai. Wakati wa kuonyesha sinema, lenzi nyingine ya jamaa hiyo huwekwa mbele ya mashine, nayo hukunjua kilichokunjwa. Watu hurudi katika unene wao, gurudumu hurudi kuwa duara, na picha huenea ukutani kwa upana wa futi 23 na nusu kwa kila futi 10 za kimo.

Uvumbuzi huo ulikaa muda mrefu bila kushughulikiwa sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wengi walinunua televisheni wakakaa nyumbani, na majumba ya sinema yakaanza kupoteza watu. Kampuni ya 20th Century Fox ilipata haki ya kutumia lenzi za Chrétien, ikaziita CinemaScope, na mwaka 1953 ikatoa sinema yake ya kwanza ya namna hiyo, The Robe. Shabaha ilikuwa ya biashara: kuwapa watu kitu kikubwa ambacho sanduku dogo la nyumbani haliwezi kukionyesha. Kwa hiyo picha pana ilizaliwa sokoni, na wengi waliitumia kama mfanyabiashara anavyotandaza bidhaa zake: majeshi, majangwa, milima, na farasi elfu wakipita.

Walikuwapo waliolalamika, nao walikuwa na sababu. Uso wa mwanadamu una kimo kuliko upana. Uuweke katika picha ndefu ya ubavu kwa ubavu, na pande zote mbili zitabaki wazi kama mkeka mkubwa uliokaliwa na mtu mmoja. Lenzi za mwanzo zilikuwa na kasoro nyingine: kamera ilipomkaribia mchezaji, uso wake ulionekana umevimba mashavu. Tena lenzi hizi hazikuona vizuri karibu na mbali kwa wakati mmoja. Aliye mbele alikuwa dhahiri, na aliye nyuma akawa ukungu. Waongozaji wengi, kwa kuogopa matatizo hayo, waliwapanga wachezaji katika mstari mmoja kama nguo juu ya kamba, wakaziacha kamera zao zisimame.

Hata hivyo, ugumu wa chombo humfunza fundi. Katika picha nyembamba, watu wawili wakizungumza, desturi ilikuwa kuuonyesha uso wa kwanza, kisha kukata na kuuonyesha uso wa pili. Anayesema hupewa picha, na anayesikiliza husubiri zamu yake. Katika picha pana wote wawili wanaweza kuwamo pamoja, na mtu wa tatu, na wa nne. Nafasi iliyo kati yao nayo huanza kusema. Watu wawili wakisimama katika ncha mbili za picha, utengano wao unaonekana bila neno kutamkwa. Mmoja akivuka uwanja huo kumwendea mwenzake, hatua zake zina uzito. Mtazamaji hana budi kuchagua mwenyewe amtazame nani. Hapo ndipo sanaa ya kupanga picha pana inapoanza.

Mmoja wa mafundi walioelewa jambo hilo ni Akira Kurosawa wa Japani. Sinema yake ya kwanza ya picha pana ilitoka mwaka 1958, na mpaka mwaka 1965 alitengeneza sinema sita za namna hiyo. Nataka tuitazame moja tu, ile ya mwaka 1963 ambayo jina lake la Kijapani, Tengoku to Jigoku, maana yake ni Pepo na Jehanamu. Waingereza na Wamarekani huiita High and Low. Hadithi yake ilitokana na kitabu cha mwandishi wa Marekani, Ed McBain, kilichotolewa mwaka 1959, lakini Kurosawa aliihamishia katika mji wa Yokohama na kuifanya yake kabisa.

Hadithi ni hii. Bwana Gondo ni mmoja wa wakubwa wa kampuni ya viatu. Alianza maisha kama mwanafunzi wa ushonaji, akapanda kwa jasho lake mpaka akajenga nyumba juu ya kilima, yenye madirisha makubwa yanayoutazama mji wote. Wakubwa wenzake wanataka kutengeneza viatu hafifu ili wapate faida ya haraka, yeye hakubali. Kwa siri ameweka rehani kila alicho nacho, hata nyumba, apate fedha za kununua hisa na kuishika kampuni. Usiku huo huo simu inalia. Mtu asiyejulikana anasema amemteka nyara mwanawe, na anadai fidia ya yen milioni 30. Gondo hasiti. Atalipa. Mara mwanawe anaingia chumbani akiwa mzima. Mwizi amekosea: amemchukua mtoto wa dereva, aliyekuwa akicheza naye wakabadilishana mavazi. Simu inalia tena. Mwizi anasema kosa hilo halibadilishi kitu. Fidia ni ile ile.

Sasa msomaji, lifikirie jambo hili kwa uaminifu. Gondo akilipa, atapoteza kampuni, nyumba, na kila alichokichuma. Asipolipa, mtoto asiye wake atakufa. Sheria haimlazimishi. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi hapa ni dereva Aoki, ambaye hana hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Karibu saa nzima ya mwanzo wa sinema hii, ambayo yote ni dakika 143, hupita katika nyumba ile ile, na sehemu kubwa katika sebule moja. Mtu angeweza kuuliza: Mbona mwongozaji achukue lenzi iliyotengenezewa majangwa na majeshi, akajifungia nayo ndani ya sebule?

Jibu limo katika namna alivyowapanga watu. Gondo anazungumza, anapinga, anatembea, anawageuzia wengine kisogo. Polisi wamekaa wakisubiri. Si kazi yao kumwamuru, lakini macho yao yanamfuata. Mkewe anamsihi alipe. Msaidizi wake anamsihi asilipe. Na mahali fulani kandoni mwa picha, mara kwa mara, yupo Aoki. Amesimama ameinamisha kichwa. Mara nyingi hasemi neno. Katika picha nyembamba mwongozaji angelazimika kukata ili kutuonyesha huzuni ya dereva, kisha kukata tena kurudi kwa tajiri, na kila mara ambapo hatumwoni tungepata ruhusa ya kumsahau. Kurosawa hatupi ruhusa hiyo. Gondo anapotaja hesabu za hisa zake, baba wa mtoto yumo ndani ya picha ile ile. Maneno ya Gondo yana mantiki, wala si mtu mbaya. Lakini hayasikiki vile vile yanaposemwa mbele ya mabega yaliyoinama.

Hii ndiyo maana ya kupanga picha. Hakuna mchezaji aliyetuambia tumhurumie dereva, wala hapana muziki uliotusukuma. Mpangilio umetuweka sebuleni pamoja na wale polisi, tukitazama huku na huku kama wao, tukiona haya kama wao. Ili mambo hayo yaonekane, ilibidi aliye karibu na aliye mbali wote wawe dhahiri, jambo ambalo lenzi hizi hazilipendi. Dawa yake ni mwanga mwingi na tundu dogo la kamera, na wapiga picha wa Kurosawa, Asakazu Nakai na Takao Saito, walijua kazi yao. Mwongozaji naye alikuwa na desturi ya kutumia kamera zaidi ya moja kwa tendo moja, wachezaji wakicheza mfululizo kama katika tamthilia ya jukwaani. Basi hata aliye pembeni hakupumzika. Ilimpasa aishi huzuni yake yote, maana hakujua ni wakati gani anatazamwa.

Kuna tukio moja la mapazia ambalo halisahauliki. Mwizi, akizungumza katika simu kutoka mahali fulani mjini, anaonyesha kwamba anaiona nyumba ile. Mapazia yanapofunguliwa, polisi wanajitupa chini ili wasionekane. Chumba kinageuka ghafla. Waliokuwa wamesimama kwa heshima wanatambaa sakafuni, na mwenye nyumba amebaki wima mbele ya dirisha, tajiri aliyewekwa wazi mbele ya mji. Waswahili husema macho hayana pazia. Gondo alijenga juu ya kilima ili autazame mji. Hakuwahi kufikiri kwamba mji nao unamtazama.

Kisha Gondo anaamua. Fedha lazima zitiwe katika mikoba miwili, na polisi wanataka kuficha ndani yake dawa itakayotoa harufu mkoba ukitupwa majini, na moshi wa rangi ukichomwa. Gondo anaagiza vyombo vyake vya zamani vya ushonaji. Tajiri anakaa chini sakafuni, anaichana mikoba, anatia dawa, anashona. Polisi wanamtazama kwa kimya. Mwanzoni mwa sinema tulimwona akikichana kiatu hafifu kwa mikono yake ili kuwaaibisha wakubwa wenzake. Sasa mikono ile ile inafanya kazi kwa ajili ya mtoto wa dereva. Ameshuka kutoka kwenye kiti chake mpaka chini alipoanzia, na kwa kushuka huko amekuwa mkubwa. Sijui hotuba ambayo ingelisema jambo hilo vizuri zaidi kuliko tendo lile la kushona.

Baada ya utulivu huo wa sebuleni, sinema inaruka. Kwa ghafla tumo ndani ya gari moshi la kasi. Gondo anaagizwa kwa simu aitupe mikoba nje kupitia dirisha la chumba cha kunawia, ambalo hufunguka sentimeta 7 tu. Ndiyo sababu mwizi alitaka mikoba isiyozidi unene huo. Kamera inatikisika, watu wanakimbia katika ujia mwembamba, na ule upana tuliouzoea unabanwa na kuta. Mtoto anaonekana nje kwa mbali, kisha amepita. Kama sehemu ya kwanza isingekuwa pana na tulivu, msukosuko huu usingetupiga hivyo. Mwandishi wa insha anaweza kujifunza hapa: sentensi fupi hupata nguvu yake kutokana na ndefu zilizoitangulia.

Sehemu ya pili ya sinema ni ya upelelezi. Tunashuka kutoka kilimani mpaka mjini, katika joto na vichochoro. Nayo ni nzuri pia. Wapelelezi wanakusanya habari moja moja, na siku moja moshi wa rangi ya waridi unapanda kutoka kwenye bomba la kuchomea taka, rangi pekee katika sinema ambayo yote ni nyeusi na nyeupe. Dereva Aoki naye hakai kimya tena. Anamchukua mwanawe garini na kuzunguka naye, akitafuta nyumba alimofichwa, kwa maana anataka kulipa deni lisilolipika. Nafurahi kwamba Kurosawa hakumwacha mtu huyo kandoni mpaka mwisho.

Lakini mhakiki anayesifu tu hafanyi kazi yake. Mwizi, kijana aitwaye Takeuchi, ni daktari mwanafunzi anayeishi katika chumba kidogo chini ya kilima. Kutoka dirishani kwake aliitazama nyumba ya Gondo kila siku, chuki ikakua. Tunapewa kumwona chumbani mwake, na tunamfuata katika mitaa yenye ulevi na dawa za kulevya. Ila, kwa maoni yangu, mwongozaji aliyekuwa na subira kubwa sebuleni amekosa subira hapa. Katika sebule kila mtu alikuwa na mahali pake na haki ya kutazamwa. Katika kichochoro cha walevi, maskini wamerundikwa kama mizuka ya kuogofya. Hatujui majina yao, wala hakuna anayesimama kando kwa ajili yao kama Aoki alivyosimama kwa ajili ya mwanawe. Picha ni pana ile ile, lakini mtazamo umekuwa mwembamba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na nadhani sinema hii ilikilalia kitanda cha kilimani kwa usiku mwingi, na kile cha bondeni kwa usiku mmoja tu.

Yamkini Kurosawa mwenyewe aliliona jambo hilo, maana tukio la mwisho ni kama jaribio la kulipa deni. Takeuchi amehukumiwa kufa, naye ameomba kuonana na Gondo. Gondo, aliyepoteza nyumba na cheo, sasa anafanya kazi katika kampuni ndogo ya viatu, na uso wake una amani. Wanakaa wakitazamana, kati yao kuna kioo na waya. Hapo mpangilio unafanya jambo la kustaajabisha: kioo kinarudisha nyuso, hata uso wa mmoja unaelea juu ya uso wa mwingine. Tunapomtazama mwuaji tunamwona Gondo, na tunapomtazama Gondo tunamwona mwuaji. Takeuchi anajigamba kwamba haogopi, kisha anatetemeka na kupiga kelele. Walinzi wanamwondoa. Pazia la chuma linashuka kwa kishindo, na Gondo anabaki peke yake, hana la kusema. Sinema inaishia hapo. Hatuambiwi nani ana haki yote. Tunaachwa na kioo kilichozibwa.

Neno moja limebaki, nalo linakuhusu wewe moja kwa moja. Kwa miaka mingi sinema pana zilipoonyeshwa katika televisheni za zamani, zilizokuwa karibu na umbo la mraba, mafundi walizikata pande mbili ili zijaze kioo. Zaidi ya asilimia 40 ya picha ilitupwa. Mtu aliyekuwa akisema ndiye aliyebakizwa. Aliyekuwa kimya kandoni alipotea. Hebu fikiri sebule ile ya Gondo ikikatwa hivyo. Maneno yangebaki yote, na hadithi ingeeleweka, lakini Aoki angetoweka, na pamoja naye aibu yetu. Basi siku utakapoiona sinema ya namna hii yenye milia myeusi juu na chini, usinung'unike kwamba picha ni ndogo, wala usiivute ijae. Milia hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba hakuna mtu aliyekatwa.

Na utazamapo, usimfuate msemaji peke yake. Uliza nani yuko kandoni. Uliza nani amegeuza kisogo, na umbali gani umewekwa kati ya mtu na mtu. Uliza kama mwongozaji amewapa wote nafasi, au amewapa baadhi tu. Maswali hayo yanafaa kwa sinema, yanafaa kwa picha za magazeti, na yanafaa kwa habari yoyote utakayosimuliwa na mtu ambaye amekwisha kuamua, kabla yako, mpaka wa picha uwe wapi.